Barua ya Wazi kwa Lord North, Kuhusu Peni Tatu za Chai

Mheshimiwa Waziri Mkuu wa Uingereza wa enzi zile,

Barua hii imechelewa miaka zaidi ya mia mbili, na posta ya London haina lawama.

Tarehe 1 Mei 1769, ukiwa bado waziri wa fedha, baraza la mawaziri liliamua kuufuta ushuru uliotozwa makoloni ya Amerika kwenye kioo, rangi, karatasi na madini ya risasi. Chai je? Kura tano kwa nne: ibaki. Yako ilikuwa katika zile tano. Peni tatu kwa ratili hazikuwa hasa za kuinenepesha hazina. Mlitaka zaidi ijulikane kwamba Bunge lina haki ya kutoza.

Deni mlikuwa nalo, sikatai. Vita na Wafaransa vilivyokwisha 1763 viliwaacha hoi. Lakini kutoka Boston hadi Charleston hapakuwa na koloni lililowahi kumchagua mbunge wa Westminster, Bunge lenu la London. Babu zetu huku pwani ya Afrika Mashariki nao walitozwa kodi ya kibanda na serikali hiyohiyo bila kuulizwa, ndiyo maana habari hii inanigusa.

Mwaka 1773 Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Uingereza ya biashara na Asia, ilikuwa taabani, maghala yamejaa chai. Ukairuhusu iipeleke Amerika moja kwa moja, kwa bei ya kushindana na magendo ya Waholanzi. Mbunge Dowdeswell alikuonya: usipouondoa ushuru, Wamarekani hawataipokea. Ukaubakiza. Usiku wa 16 Desemba, makasha 342 ya chai yakatoswa na wapinzani wa ushuru bandarini Boston.

Wapinzani wako hawakuwa malaika. Wako waliochukia kuharibiwa biashara ya magendo, na wengi walioimba uhuru walimiliki watumwa. Ila jibu lako! Ulifunga bandari nzima kuanzia 1 Juni 1774 mpaka chai ilipwe. Mpagazi ambaye hakugusa hata kasha moja akakosa kibarua sawa na aliyeyatosa. Makoloni ambayo hayakuzoea kula sahani moja, kufikia Septemba mwaka huo, kumi na mawili kati yao yalikuwa na wajumbe katika kikao kimoja Philadelphia.

Mwaka 1778 serikali yako yenyewe ikaufuta ushuru ule wa chai. Wakati huo Wamarekani walikwisha kujitangazia uhuru na kutia saini mkataba na Ufaransa.

Kura yako ingehama siku ile ya Mei, wale wanne wangekuwa watano. Kwa nini haikuhama?

Wako,
Msomaji wa pwani