Kwa Nini Tunakuuliza Maswali Mengi Kabla ya Kukutengenezea Gari la Sinema

Wateja wengi hufika kwenye karakana yetu hapa Kirumba, Mwanza, wakiwa na picha moja tu kwenye simu, wakaeleza kuwa wanataka gari la filamu waipendayo, dogo la kuweka kabatini, kisha wakasubiri kutajiwa bei na siku ya kuja kulichukua. Badala yake huulizwa maswali kwa karibu nusu saa, na baadhi yao hukereka waziwazi. Tumeona ni haki yao kuelezwa sababu ya maswali hayo, maana karibu kila ugomvi tuliowahi kuwa nao na mteja ulitokana na swali ambalo hatukuuliza mapema.

Swali la kwanza ni gari lipi hasa, na kutoka sehemu ipi ya filamu. Mteja mmoja kutoka Sengerema aliagiza DeLorean ya Back to the Future, gari la milango inayofunguka kwenda juu ambalo katika filamu ni mashine ya kusafiria wakati. Tulilitengeneza kwa wiki saba kama linavyoonekana katika filamu ya kwanza ya mwaka 1985, likiwa na mtambo wake wa nyuklia nyuma. Alipokuja alilitazama kwa muda mrefu, akauliza matairi yenye mstari mweupe yako wapi. Matairi hayo ni ya filamu ya tatu, ya mwaka 1990, ambamo gari lina pia boksi la vifaa vya umeme lililofungwa juu ya boneti. Tena, hata ndani ya filamu ile ya kwanza gari halibaki vilevile, kwa kuwa mwishoni linarudi likiwa na kifaa kinachotumia takataka kama nishati mahali pa mtambo wa nyuklia. Yeye hakukosea, na sisi hatukukosea. Ni kwamba hakuna aliyeuliza. Ndiyo maana sasa tunaomba picha tatu au nne za tukio moja, na tunaandika jina la tukio hilo kwenye risiti.

Swali la pili ni la skeli, yaani gari dogo litakuwa sehemu ya ngapi ya gari halisi. Tunapendekeza 1:24 kwa sababu futi moja ya gari halisi inakuwa nusu inchi, na hesabu hiyo fundi anaweza kuifanya kichwani huku mkono ukiendelea na kazi. Chukua mfano wa Volkswagen Beetle ya mwaka 1963, ile yenye namba 53 na mistari ya nyekundu, nyeupe na buluu iliyotumika katika filamu ya The Love Bug ya mwaka 1968. Beetle ina urefu wa milimita 4,079 na umbali wa milimita 2,400 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukigawanya kwa 24 unapata modeli ya sentimita 17, na kati ya ekseli milimita 100 kamili, jambo linalotufurahisha kila mara. Rimu yake ya inchi 15 inakuwa na kipenyo cha milimita 16 hivi. Kwa skeli ya 1:18 gari hilohilo linafika karibu sentimita 23, na kwa 1:43 linabaki sentimita 9 na nusu. Wateja hudhani kuwa dogo zaidi ni rahisi zaidi, lakini kwa fundi ni kinyume, kwa sababu kitasa cha mlango katika 1:43 ni kitu cha kushikwa kwa kibanio na kupotea sakafuni mara mbili kabla hakijagundishwa.

Hata hivyo, kuna vitu ambavyo kugawanya hakuvisaidii. Bati la mlango lina unene usiofika milimita 1, na likigawanywa kwa 24 linakuwa jembamba kuliko karatasi ya daftari; hakuna anayeweza kulitengeneza likasimama. Upenyo wa milimita 4 kati ya mlango na bodi unakuwa chini ya robo ya milimita, nao huzibwa na rangi tabaka la kwanza tu. Kwa hiyo sisi huuongeza kidogo, na tunakiri hivyo mapema ili asije mtu na rula kutuonyesha kosa. Katika kazi hii jicho ndilo hakimu, rula ni shahidi tu. Rangi nayo ina tabia hiyo: kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ileile, hivyo tunaongeza nyeupe kidogo. Rangi ya metaliki inayochanganywa kwa ajili ya magari halisi tunaikataa kabisa, hata mteja akija na kopo lake, kwa kuwa chembe zake zinazong'aa huonekana juu ya modeli kama mchanga wa ufukweni.

Bodi tunaichonga kwanza kwa mbao laini, kisha tunapasha moto karatasi ya plastiki hadi ilegee na kuivuta juu ya mbao hiyo kwa mashine ya kufyonza hewa. Matairi tunayakata kwenye soli za ndala na kuyalainisha yakizungushwa kwa drili. Wengi wetu tulianza hivyo utotoni kwa magari ya waya, na bado hatujapata mpira bora kuliko huo.

Sehemu inayochelewesha kazi kuliko zote ni upakaji wa rangi, na hapa lazima tulizungumzie Ziwa Victoria. Rangi ya selulosi iliyochanganywa na thina hukauka upesi, na thina inapoondoka huipoza ile sehemu iliyopuliziwa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo hapa asubuhi nyingi za Machi hadi Mei, unyevu huo hugeuka maji juu ya rangi mbichi na kuacha ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Dawa yake ni kusubiri. Tunapuliza mchana, jua likiwa limekwisha kukausha hewa, na siku ya mvua hatupulizi kabisa. Usiku nao haufai, kwani taa huwavuta wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji, hasa mwezi unapoandama. Mdudu mmoja akitua kwenye boneti ya gari jeupe anaacha miguu yake sita hapo, na tabaka lote linaondolewa kwa msasa na kuanza upya. Kwa hiyo tukikuambia wiki sita wakati wa kiangazi na wiki nane au tisa wakati wa masika, hatuvuti muda; tunahesabu siku ambazo ziwa litaturuhusu.

DeLorean haina shida hiyo, maana bodi ya gari halisi ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, bila rangi. Hiyo tunaivalisha bati jembamba la alumini na kulisugua kwa msasa laini kuelekea upande mmoja tu. Ukiona mistari ya msasa inakwenda huku na huku kwenye modeli yoyote ya gari hilo, usiinunue.

Tunapokea nusu ya malipo siku picha zinapokubaliwa. Kabla ya rangi tunamwita mteja aje aione bodi ikiwa bado nyeupe, na marekebisho yote ya umbo yanayotajwa siku hiyo hayana gharama ya ziada. Yanayotajwa baada ya rangi yanalipiwa.

Kwa wateja wa Bukoba na Ukerewe, modeli inafungwa kwenye sanduku la mbao, ikiwa imefungwa skrubu kupitia sakafu ya gari ili magurudumu yasibebe uzito melini. Tafadhali fungua skrubu hizo kwa mkono, na usiache sanduku ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu plastiki iliyovutwa kwa moto hukumbuka moto na kuanza kurudi kuwa karatasi.