Risala ya Kikundi cha Walinzi wa Michoro ya Miambani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Makumbusho Duniani, Kolo, Kondoa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa vijiji, wazee wetu wa mila, walimu, wanafunzi na wananchi wenzetu,

Assalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama. Tunakushukuru pia kwa kuja wewe mwenyewe, maana sherehe iliyopita tuliletewa mwakilishi wa mwakilishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya eneo hili ni ndefu na ratiba ya leo ni fupi, kwa hiyo tutapita mbiombio. Michoro ya Kondoa ilianza kulindwa kisheria mwaka 1937. Mwaka 1951 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alizunguka milima hii akiinakili, miaka minane kabla hajaliona fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, kule Oldupai. Mwaka 2006 UNESCO ikatuingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia: kilomita za mraba 2,336, zenye mapango yaliyochorwa zaidi ya 150. Humo mna tembo, twiga, pofu, na watu wembamba wenye nywele za kutisha, wote kwa ngeu. Michoro hii myekundu huhusishwa na wawindaji wa kale, mababu wa Wasandawe. Ile myeupe ilikuja baadaye na wakulima, ambao walichora juu ya kazi ya wenzao bila kuomba ruhusa.

Kwa upande wa mafanikio, kikundi kimepiga hatua kubwa mno. Tumeelimisha jamii nzima, hususan wale wanaohudhuria mikutano. Ujenzi wa choo cha wageni unaendelea vizuri, shimo limekamilika. Wazee wetu wa mila wameridhia kwamba kwenye matambiko pombe imwagwe chini, isipulizwe ukutani penye picha, na kwa hilo tunaomba wapigiwe makofi. Waongoza wageni wetu nao wameacha kurushia michoro maji ili ing'ae kwenye kamera.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuje kwenye jambo lenyewe.

Kuna watu wanapanda milimani usiku na sururu. Wameaminishwa kwamba Mjerumani alipokimbia vita alizika mali chini ya mapango, na kwamba michoro ni ramani yake. Ukifika pango la Mungomi wa Kolo leo utaona mashimo yao. Hakuna aliyepata hata rupia moja. Ila kila shimo linaondoa kitu ambacho hata serikali yenye fedha haiwezi kukinunua tena.

Tunaomba utuvumilie tueleze, kwa sababu tumewahi kuulizwa na mkubwa mmoja kwamba udongo una shida gani. Sakafu ya pango imejipanga tabaka juu ya tabaka. Juu kuna majivu ya juzi. Chini yake vigae vya vyungu. Chini zaidi vipande vya mawe vilivyochongwa kwa kukata nyama na kukwangua ngozi, pamoja na shanga za ganda la yai la mbuni. Mtaalamu huchimba kwa mwiko na brashi, anachekecha kila karai, anaandika kila kitu kimetoka kina gani. Bila kile kina, jiwe lililochongwa ni jiwe tu. Mwenye sururu huchanganya miaka elfu nyingi kwa usiku mmoja, kisha anaondoka akilaani.

Mfano uko hapa hapa kwetu. Mwaka 1956 mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba pango la Kisese na kuhifadhi alichopata kwa utaratibu. Miongo mingi baadaye watafiti wengine waliyafungua masanduku yale yale, wakapima maganda ya mbuni, wakakuta watu waliishi pale zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Umri wa michoro yenyewe wataalamu bado wanabishania, na ushahidi wa kumaliza ubishi huo, kama upo, umo kwenye udongo unaochimbwa usiku.

Hatuombi uzio. Zamani baadhi ya mapango yalizungushiwa nyavu za waya. Nyavu ziling'olewa, na nyingine ziko kwenye mabanda ya kuku ambayo hatutayataja, kwa kuwa wenyewe tumekaa nao hapa. Tunachoomba ni walinzi wanne wenye posho ya kila mwezi, wa zamu usiku na mchana, na kibanda cha kuwakinga mvua karibu na mapango. Vijana wapo na milima wanaijua. Wanalinda kwa kujitolea sasa hivi, lakini msimu wa kilimo ukifika hatuna uso wa kumwambia mtu mwenye watoto aache jembe akalinde picha za twiga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Mtangulizi wako mmoja aliliweka kwenye mwaka wa fedha uliofuata, na miaka ya fedha imefuatana. Tuliambiwa tuandike andiko, tukaandika. Tukaambiwa muundo umebadilika, tukaandika upya. Sasa tunaambiwa faili linatafutwa. Mwingine alikuja na kamera za televisheni akaweka jiwe la msingi la kibanda hicho hicho. Jiwe lipo mpaka leo. Wageni wakipita huuliza ni la zama zipi.

Hatulalamiki; tunakumbusha tu. Wenzetu wa Oldupai walipata makumbusho mapya mwaka 2017, nasi tulifurahi nao kwa dhati. Sisi tunaomba bati ishirini na nne, mifuko sitini ya saruji, na posho ambayo, kwa hesabu ya mhazini wetu, haifiki gharama ya msafara wa magari tuliouona asubuhi ukipanda kutoka Kondoa mjini. Tunasema hivyo kwa heshima zote.

Tunakukaribisha uzungumze na wananchi. Tunaomba ombi la walinzi ulijibu kabla ya salamu nyingine, kwa kuwa wageni rasmi waliotangulia waliishiwa muda walipofika hapo. Katibu wetu ameketi kulia kwako na daftari la ahadi. Ukurasa wako tayari umepigwa mstari, na mahali pa sahihi pameachwa.

Tunaomba kuwasilisha.