Mwanangu, kabla hujachukua fomu ya Rufiji

Mwanangu,

Sauti uliyotuma kwenye kundi la familia nimeisikiliza mara mbili. Ningeweza kukujibu pembeni, lakini uchaguzi ukinukia kila ukoo hutoa mgombea wake, na huenda yupo mwingine wa kumfaa haya.

Umesema unakwenda kugombea ubunge Rufiji "kama Bibi Titi". Hapo nikaweka kisu chini, vitunguu vikanisubiri. Umemchagua mtu mkubwa, nami nashuku unamjua kwa barabara yenye jina lake tu, ile ya kutoka Mnazi Mmoja inayokata Barabara ya Morogoro, mahali unaposhuka daladala.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, wazee wake wakitokea huko huko kwetu Rufiji. Darasa alilisoma miaka minne. Mjini alijulikana kwa sauti: alikuwa mwimbaji wa mbele wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Usicheke. Vikundi vile vilikuwa na viongozi, michango, sare, na mtandao wa kuarifiana msiba na harusi kabla jua halijachwa. Mwaka 1955 alipokuja John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wenu wako wapi. Swali likawakuta mikono mitupu, kwani chama kilikuwa na mwaka mmoja tu na kimejaa wanaume. Titi ndiye aliyesimamishwa kuongoza sehemu ya wanawake.

Alifanya nini? Hakuanzia kwa wasomi. Aliwaendea viongozi wa ngoma, maana ukimpata mama wa kikundi umepata kikundi kizima, na aliwaendea hata wapika pombe. Yeye Muislamu, lakini kadi ya chama haikuuliza mtu anapika nini. Kisha akazunguka mikoani, akihutubia kwa Kiswahili kilichonyooka, na wanawake ambao hawajawahi kusimama hadharani wakasimama. Haya yote ni kabla ya ubunge, mwanangu. Kiti kilimkuta ana watu tayari.

Uhuru ulipopatikana akawa Mbunge wa Rufiji na Waziri Mdogo, na mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake, UWT, yeye ndiye mwenyekiti. Miaka mitatu baadaye kiti kikaondoka. Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa chama kimoja, lakini kila jimbo liliweza kuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Walisafirishwa pamoja, wakapanda jukwaa moja, na kampeni ikawa kwa Kiswahili tu. Mpiga kura akawatazama wote wawili kwa utulivu. Warufiji wakamwacha Titi, mwanamke ambaye nchi nzima ilikuwa inamjua! Hakuwa peke yake. Hata Paul Bomani, waziri wa fedha, aliangushwa mwaka huo.

Kwa nini kwetu walimkataa? Mimi nadhani, na hili ni langu, nchi ilimchukua mno. Wakati ule kutoka mjini hadi ng'ambo ya Mto Rufiji ilikuwa safari ya kufunga mzigo, na mto unavuka kwa pantoni. Hili Daraja la Mkapa ni la 2003 tu. Mtu mwenye Taifa zima mkononi angekwenda Utete, kule jimboni, mara ngapi?

Yaliyofuata ni magumu, nitayapitia haraka. Azimio la Arusha la 1967 lilikataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa nazo, akajitoa kwenye Kamati Kuu ya TANU. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi naona mjane wa mjini au mtalaka hana pensheni nyingine zaidi ya chumba cha kupangisha, na aliyetunga sharti lile hakuwa mwanamke. Oktoba 1969 akakamatwa pamoja na Michael Kamaliza, waziri wa zamani, na maofisa wa jeshi, kwa shtaka la uhaini lililomhusisha pia Oscar Kambona, naye waziri wa zamani, aliyekuwa London. Alikana. Akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Nyerere akamsamehe. Kisha kimya cha miaka mingi, hadi jina lake lilipoanza kutajwa tena kwa heshima, likapanda hadi kwenye kibao cha barabara. Alifariki Johannesburg, Novemba 2000.

Sasa turudi kwako. Wewe pia ni mtoto wa Dar ambaye wazee wake ni wa huko. Tofauti ni kwamba Titi alikuwa na watu, akakosa kiti. Wewe unatafuta kiti upate watu. Mara ya mwisho kulala kwa babu yako ulikuwa darasa la tano, ukalia kwa mbu. Bibi mdogo wa Ikwiriri amefiwa na mumewe tangu mwezi jana, na hujaenda kuhani. Ulituma pesa kwa simu na ujumbe wenye ua.

Fomu iweke juu ya kabati kwanza. Ijumaa, basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Mbagala, tiketi yako ninayo mimi. Chukua kanga mbili na neti, na usimwambie mtu yeyote huko kwamba unagombea.

Shangazi yako