Malalamiko: gari inatetemeka ikipanda Limuru, mmenilipisha mara tatu na hamkuigusa shida

Kwa Meneja wa Gereji,
Industrial Area, Nairobi.

Bwana meneja, habari ya kazi. Naandika juu ya Toyota Fielder yangu ya 2005, ile ya kijivu, na naomba uisome mwenyewe maana kijana wenu wa risepsheni nilishamweleza mara tatu kwa mdomo na haikusaidia.

Siku ya kwanza nilisema hivi: nikipanda kutoka Uthiru kwenda Limuru, nikifika 90, 95 hivi, gari inaanza kutetemeka, usukani na sakafu pamoja, lakini nikirudi Nairobi nikiteremka na spidi hiyo hiyo imetulia kabisa. Kijana akaandika kwa karatasi "inatetemeka", basi. Hiyo ingine yote ikapotea, na kumbe ndiyo ilikuwa jibu lenyewe.

Mkafanya wili balansi, kusawazisha uzito wa tairi, 1,600. Hapo silaumu sana, tairi isiyobalansiwa hutetemesha gari kuanzia kama 80 kwenda juu na kila fundi huanzia hapo. Lakini tairi haijui kama mguu wangu uko kwa mafuta ama umetoka, ingekuwa ni yenyewe ingetetemeka kupanda na kushuka. Nikarudi, mkaniuzia alaimenti, kunyoosha tairi zikae sawa, 2,000. Alaimenti jameni! Gari haikuwa inavuta upande, tairi hazijalika upande mmoja, hata mimi ambaye si fundi najua alaimenti mbaya inakula tairi, si kutikisa gari hivyo. Mara ya tatu mkasema ni enjini maunting, zile raba zinazoshikilia enjini, mbili, 9,000 na leba juu yake 2,500. Maunting ikikufa si utaisikia umesimama kwa taa gari ikiwa kwa gia ya D? Yangu kwa taa ilikuwa kimya.

Na kitu imeniuma zaidi, hakuna hata mmoja wenu aliitoa barabarani ikafika hiyo 90. Mliizungusha hapo Enterprise Road mkarudi mkaniambia iko sawa. Enterprise Road na ile jam ya saa kumi utapata 90 wapi?

Jumamosi nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa kando ya barabara huko Kirinyaga Road, hana hata ofisi. Akaniuliza swali moja tu, "Ukitoa mguu kwa mafuta inaacha?" Nikamwambia inaacha. Akaingia chini akatoka na kidole cheusi cha grisi. Raba inayofunika jointi ya draivushafti, ile shafti inayozungusha tairi, upande wa ndani pale inaingia kwa giaboksi, ilikuwa imepasuka na grisi imerushwa kila mahali. Alipofungua akanionyesha vile roli tatu za hiyo jointi zimechimba mifereji kwa kikombe chake, ndio maana gari ikibeba mzigo ikipanda roli zinakwama kwa hiyo mifereji badala ya kuteleza na shafti inatikisa gari yote, ukitoa mguu inatulia. Ingekuwa jointi ya nje, anasema, ningesikia ka-ka-ka nikikata kona, na ingekuwa diski ingetetemeka nikishika breki. Akaweka shafti ya mtumba ya kutoka Japani, 7,500 na kazi ndani. Jumapili nimeenda Limuru na kurudi, 95 kupanda, hakuna kitu.

Sasa niambie, gari hiyo mliinua mara tatu. Raba iliyopasuka na grisi kila mahali unaiona kwa macho bila kufungua hata nati moja, ama mlikuwa mnaangalia nini huko chini?

Pesa ya balansi kaeni nayo. Nirudishieni 2,000 ya alaimenti, 9,000 ya maunting na 2,500 ya leba, jumla 13,500, kwa namba ile ile ya M-Pesa niliyolipia, picha za risiti nimeambatisha. Na zile maunting zangu za zamani mlibaki nazo nazitaka, zilikuwa nzima. Napita Ijumaa saa tatu asubuhi kuzichukua, kwa hivyo msiniambie zimetupwa.

Mwenye Fielder ya kijivu