Risala ya Chama cha Kiswahili kwa Mheshimiwa Seneta, Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Seneta, Mgeni wetu Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi, wanafunzi wenzetu. Salaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mheshimiwa, karibu sana. Tumekungoja tangu asubuhi wala hatukuchoka, maana maneno yako tumekaa nayo muhula mzima. Kila Jumatano baada ya vipindi, mwalimu mlezi hutufungulia kompyuta ya maktaba tukasoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Seneti. Mmoja husoma kwa sauti, mwingine huandika: tarehe, hoja, na ulichosema. Daftari lenyewe ni hili hapa mezani, lililofunikwa kwa gazeti.

Mwanzoni tulihesabu tu mara ulizosimama kuzungumza, tukishangilia kama mashabiki wa mpira. Baadaye tukaona hesabu hiyo haitoshi. Rambirambi huhesabika sawa na kutetea mswada, na kazi ya kamati, ambayo ndiyo yenye jasho, haimo katika kumbukumbu za kikao cha Seneti nzima. Tukaanza upya, safari hii tukiandika uliyoyasema kuhusu kaunti yetu.

Ukurasa tunaoupenda kuliko yote ni ule ulipoomba Kauli, yaani maelezo rasmi kutoka kwa kamati husika, kuhusu zahanati iliyokosa dawa. Nyanya ya mwenzetu mmoja hutibiwa pale. Alipoliona jina la kijiji chao limechapishwa, alinyamaza kidogo, kisha akaomba asome tena yeye mwenyewe.

Tunajua uzito wa kiti chako. Maseneta ni 67 ukimwacha Spika, lakini jambo linapohusu kaunti, Katiba inaupa kila ujumbe wa kaunti kura moja tu, na kiongozi wa ujumbe wetu ni wewe. Mwaka 2020 maseneta walipovutana kuhusu mfumo wa kugawa fedha, uamuzi uliahirishwa mara baada ya mara hadi Septemba, huku kaunti zikisubiri pesa.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili, na tunayasema kwa heshima. La kwanza ni ile zahanati. Uliuliza, lakini jibu la kamati hatujaliona popote katika kurasa tulizosoma, wala hatujaona ukilidai. Tafadhali simama tena uulizie.

La pili ni lugha. Kifungu cha 120 cha Katiba kinataja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Siku ulipochangia kwa Kiswahili, tulichapisha kurasa zile tukazipeleka nyumbani. Wazee walisikiliza hadi mwisho bila mtu kuwatafsiria, na baba mmoja akatuuliza kikao kijacho ni lini. Tuzidishie siku kama hiyo.

Sasa tunaomba utupokelee nakala ya daftari letu. Sisi tutaendelea na la kwetu Jumatano ijayo.

Ahsante sana, Mheshimiwa.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.