Kabla ya mifupa, tazama kuta

Mdogo wangu,

Uliponiambia kwamba mwaka wa pili sasa unapita Barabara ya Boma hapo Arusha kila siku na hujawahi kuingia makumbusho, maana "mle si ni mifupa tu", nilinyamaza. Yalikuwa maneno mengi kwa simu. Acha niyaandike.

Mifupa nayo kaione. Nakala za zile nyayo za watu wa kale wa Laetoli, za zaidi ya miaka milioni 3.6, si jambo dogo. Ila ukishavuka lango, simama kwanza uani uiangalie nyumba yenyewe.

Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa chini ya Mlima Meru, walikokuja kufungua kituo. Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani akaja kulipiza kisasi. Nyumba zikachomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Halafu, mwaka 1899, likaanza kujengwa boma la mawe, ndiyo nyumba hiyo ya makumbusho, na waliolazimishwa kulijenga ni walewale walioshindwa, Waarusha na Wameru. Lilikamilika 1900. Machi ya mwaka huohuo, kule Old Moshi, Wajerumani waliwanyonga viongozi 19. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, alikuwa mmoja wao, na wa Meru na Arusha walikuwemo. Yaani watu walikuwa wakibeba mawe huku wakubwa wao wakipelekwa kitanzini.

Hilo ndilo linaloniuma ninapoona wageni wanapiga picha pale langoni na kusema jengo zuri. Ni zuri kweli. Kuta nene, nyeupe, na uani kivuli kizuri. Mimi nilipokwenda mara ya mwisho niliweka kiganja ukutani, juani, saa saba mchana, na ukuta ulikuwa wa baridi. Nikaukumbuka mgongo wa mtu nisiyemjua jina.

Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, utawala ulibadilika lugha tu. Boma likabaki boma. Na neno lenyewe lilikuwa letu, ua wa kulinda watu na mifugo. Wakalichukua, likawa mahali pa kuogopwa. Unakumbuka Bibi alivyokuwa akishusha sauti akisema fulani "kaitwa bomani"? Hakuwa akimaanisha mema. Siku hizi tunasema ndoa ya bomani kwa furaha kabisa, vigelegele juu, na sawa, neno limepona kidogo.

Makumbusho yalianza mwaka 1987. Nafurahi kwamba siku hizi watoto wa shule wanaingia kwa mistari wakipiga kelele pale ambapo wazee wao waliingia vichwa chini.

Basi Jumamosi hii, ukifika mnara wa saa, usikate kwenda sokoni. Panda moja kwa moja hadi mwisho wa barabara. Mchukue na yule mdogo wa shangazi, ana maswali mengi. Akikuuliza nyumba hii nani kaijenga, usimjibu Wajerumani.

Dada yako