Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vyura Wawili, Kalenda Moja

Ndugu wanachama,

Naanza na kosa letu. Kalenda ya mwaka huu iliandikwa "Chura wa Kihansi" chini ya picha ya chura wa Tornier. Nakala nyingi zilikuwa zimeshagawiwa mwanachama mmoja aliponipigia: "Mwenyekiti, mbona huyu ncha za vidole ni pana?" Alikuwa sahihi: wa Kihansi hana ncha pana. Picha tuliipiga wenyewe usiku kule Amani, Usambara Mashariki, chura kang'ang'ania jani na tochi inammulika. Hatuna wa kumlaumu.

Ni ndugu kweli. Wote ni wa jenasi ya Nectophrynoides, iliyopo Tanzania tu, na wote huzaa vichura kamili badala ya kutaga mayai majini. Jike wa Kihansi hafiki sentimita 3, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba hata vitoto huonekana vikiwa ndani.

Mkutano uliopita mliuliza kwa nini fedha tusizigawe nusu kwa nusu kati ya vyura hawa wawili. Mimi nakataa. Wa Tornier yupo Usambara, yupo Udzungwa, na Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, haimweki miongoni mwa walio hatarini. Wa Kihansi, aliyegunduliwa 1996, dunia yake yote ilikuwa hekta 2 hivi za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko katika korongo la mto Kihansi, huko Udzungwa. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji mengi yakachepushwa na korongo likakauka. Vikawekwa vinyunyizio, vyura wakaongezeka, kisha 2003 wakaporomoka ghafla. Kuvu ya ngozi ni miongoni mwa washukiwa wakuu. Mwaka 2009 IUCN ikatangaza kuwa ametoweka porini.

Kilichomwokoa ni vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Walilelewa katika bustani za wanyama, hasa za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 wazao wao 100 waliletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Kurudishwa si kupona: manyunyu ya pale bado yanategemea mabomba, na bomba likiziba wa Kihansi hana mlima wa pili wa kukimbilia.

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Mimi naongeza tu kwamba ada zinachelewa mno.

Kalenda msizitupe. Stika za kufunika jina zipo kwa katibu.

Mwenyekiti